Kibuyu cha Mama Wilhelmina Ukutani

Yote mtakayoyasoma katika sura hii ni kweli tupu, kweli ya kuapiwa. Nikiongeza hata punje, sangara wa ziwa hili watoke majini wanifuate hadi nyumbani. Na wapo wakubwa! Mmoja nilimvua mwenyewe, ubavu wake tukaezekea banda la mbuzi, na mvua haijapenya mpaka leo. Lakini hayo ni ya sangara. Haya ni ya picha.

Sajenti Akumu wa upelelezi alisimama katikati ya launji moja mpya kule Pasiansi, mikono nyuma, akitazama ukuta. Kando yake alikuwa Mama Wilhelmina, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu la Kisesa. Yeye hakuutazama ukuta. Aliutupia jicho mara moja alipoingia, akageuka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu.

Ukutani alikuwa yeye mwenyewe, mkubwa kuliko mlango, amechapwa kwenye kanvasi. Macho amefumba, kinywa wazi, mikono juu, na mikononi ameshika kibuyu. Nyuma yake giza na taa nyekundu. Chini ya picha, kwa taa za rangi zinazowaka na kuzima, paliandikwa: KATA KIU.

"Karibuni, karibuni," alisema Josephat, mwenye launji, akifuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, mama. Aisee! Ni wewe kabisa! Wateja watafurahi."

"Sikuja kufurahisha wateja," alisema Mama Wilhelmina. Marahaba hakuitoa.

"Kwa nini ulichagua picha hii?" aliuliza Sajenti.

"Afande, usione nimekaa hapa ukadhani mapambo ni mchezo. Nilianza na simba. Kila launji ya Mwanza ina simba, wateja wamemzoea mpaka wanampa jina. Nikaweka twiga. Dari langu fupi, twiga akaonekana kama ana shingo iliyoteguka. Nikaweka Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, wakaniambia, bosi, hilo si tunaliona bure? Ndipo nikamkuta mama huyu kwa fundi, Nyakato. Hebu tazama kitenge chake, halafu tazama makochi yangu. Rangi ileile!"

"Kwa hiyo mimi nimechaguliwa kwa ajili ya makochi," alisema Mama Wilhelmina.

"Umependeza, mama! Watu wakiingia wanakusalimia kabla hawajaagiza."

"Wananisalimia wakiwa wameshika nini?"

Josephat akaona viatu vyake vina vumbi, akaanza kuvishughulikia.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mzee Obedi, katibu wa wazee wa kanisa, aliwaonyesha wenzake katika simu yake picha ya ukuta huo. Akasema, mwenyekiti wenu huyo, analewa baa na kupigwa picha. Kikao kikaitwa. Kama Mama Wilhelmina asingejisafisha Jumamosi, Jumapili jina lake lingesomwa mbele ya usharika mzima: amevuliwa uenyekiti, ametengwa na meza ya Bwana. Mjane aliyelea kwaya, aliyezika na kuozesha nusu ya Kisesa, asimamishwe kama mwizi wa kuku!

Utetezi wake ulikuwa mfupi. Kibuyu kile kilikuwa cha maziwa mgando. Alikuwa akikinadi uani mwa kanisa, siku ya mavuno, watu wanapotoa mazao yao na jogoo wao, kisha vinapigwa mnada. Mnadi alikuwa yeye, kama kila mwaka. Wazee wakamuuliza: ua uko wapi hapo? Watu wako wapi? Mbona uko peke yako gizani na taa za baa?

Hapo ndipo alipokwenda polisi kulalamika kwamba sura yake imewekwa biasharani bila ridhaa yake, na jalada likamwangukia Sajenti Akumu.

Sajenti alivuta stuli ya kaunta, akapanda, pua yake ikakaribia kugusa pua ya pichani.

"Mama, njoo uone kivuli cha pua yako."

"Kivuli cha pua yangu mimi?"

"Kimekulalia mdomoni. Na kidevu kimeangusha kivuli shingoni. Mwanga umetoka juu kabisa. Hizi taa nyekundu ziko nyuma yako na pembeni, lakini shavuni huna wekundu hata chembe." Alishuka. "Hili ni jua la mchana. Usiku huu umebandikwa."

"Nilidhani taa zimekuja naye," alisema Josephat.

"Na kitako cha kibuyu kinaonekana chote. Aliyepiga picha alikuwa chini kuliko wewe, mama. Alikuwa amekaa."

"Basi twende Jumamosi ukawaambie hivyo hivyo!"

"Nikiwaambia kivuli cha pua watanicheka. Wataniambia hata walevi hukaa, na mchana pia watu hulewa. Nataka ua. Nataka watu." Akamgeukia Josephat. "Ishushe. Ni kielelezo. Nitakuandikia hati, utie sahihi."

"Afande, na ukuta wangu ubaki uchi?"

"Rudisha simba."

Wakaenda Nyakato, kanvasi imelazwa nyuma ya gari la polisi, uso chini. Mama Wilhelmina ndiye aliyeigeuza. Alisema hataki kutazama mbingu akiwa na taa za baa mgongoni.

Fundi Shimba alikuwa mtu mnene, miwani ameipandisha kipajini, sakafu yake imejaa vipande vya mbao na mabango ya harusi za watu. Alipomwona mama, kisha afande, kisha picha, aliishusha miwani machoni, akairudisha kipajini, kana kwamba alichokiona hakikumpendeza.

"Umeichapa wewe?" aliuliza Sajenti.

"Nimeichapa mimi."

"Nani alikuletea?"

"Mteja. Mzee mmoja, alikuja nayo kwenye simu. Akaniambia tia usiku nyuma, tia taa za starehe, kisha iweke kwenye zile picha zako wanazochagua watu wa launji. Hakutaka hata faida. Nikamuuliza, mwenyewe ameridhia? Akasema, ni dada yangu huyu, amefurahi sana."

"Ridhaa uliiona?"

"Niliona mvi, afande. Mtu ana mvi kichwa kizima, nitamwambia alete mashahidi?"

"Mvi!" Mama Wilhelmina alipiga meza, gundi ikaruka. "Kwa hiyo ukiona mvi ndiyo unanitundika baa? Na mimi zangu hizi hukuziona, au kitenge kilikuziba macho?"

"Samahani, mama."

"Samahani yako kaitundike kule ukutani, iwake na kuzima!"

Sajenti alisubiri upepo huo upite. "Mzee huyo yukoje?"

"Kofia. Koti. Kiatu kimepigwa kiwi."

"Umeshanielezea nusu ya Mwanza. Picha ya kwanza aliyokuletea unayo?"

"Nilifuta. Ila afande, picha za kanisa la Kisesa huniletea Ngosha, yule mpiga picha. Huenda imetoka kwake. Na bahati yako, yuko hapo nje anasubiri albamu."

"Ngosha!" alisema Mama Wilhelmina. "Mtoto niliyembeba mgongoni mama yake alipokuwa hospitali! Mwiteni!"

Ngosha aliitwa, akaja na kamera yake kifuani, mtu mfupi mwenye kifua cha mtu mrefu. Alisikiliza mashtaka yake mpaka mwisho. Kisha alivuta hewa.

"Mama, nikutukane wewe? Kwanza shikamoo. Pili, hebu itazameni picha hii. Jina langu liko wapi? Mimi hata nikimpiga picha kuku, naandika jina kwenye bawa. Tatu, kimo changu hiki mnakijua. Tangu nianze kazi sijawahi kupiga picha ya mnada bila kupanda stuli. Nikikaa, naona makalio ya watu tu."

Sajenti alikumbuka kitako cha kibuyu. "Huyu siye," alisema. "Nenda zako, Ngosha."

"Asante, afande. Mama, wewe hujaniitikia shikamoo."

"Marahaba, baba. Nisamehe. Siku hizi nashuku hata kivuli."

Njia ikawa imefika ukutani. Mteja hana jina, picha imefutwa, na Jumamosi inakuja mbio. Shimba akasaidia kuinua kanvasi ili irudishwe garini. Walipoigeuza, mgongo wake ukaangalia mlango na mwanga, na Sajenti Akumu akasema, "Iache hapo hapo."

Ninyi mliowahi kutundika kanvasi sebuleni mnajua mgongo wake ulivyo. Ni fremu ya mbao, na kitambaa kimezungushwa ukingoni na kukazwa nyuma kwa pini za stepla. Upande wa juu, chini na kulia, ukunjo ulikuwa mwembamba, upana wa vidole viwili. Upande wa kushoto ulikuwa mnene kama mkeka uliokunjwa, kitambaa kimerudiwa juu ya kitambaa, pini zimesongamana.

"Huku kwa nini kumenenepa?"

"Ah, hapo." Shimba alijikuna shingo. "Mteja alitaka upande ule utoke. Alisema kuna watu wanaharibu picha, niwakate."

"Ukawakata?"

"Kanvasi haikatwi hivyo, afande. Ukikata karibu na mbao, kitambaa hakina pa kushika, baada ya wiki kinalegea kama soksi ya mzee. Kwa hiyo nilichapa yote. Nikawakunja nyuma."

"Na giza? Na taa? Nyuma nako umetia?"

"Nani atatazama nyuma? Nilitia mbele tu."

Sajenti alipiga goti kando ya ukunjo. Aliomba bisibisi, akainua pini moja ya pembeni, akapenyeza kidole na kufungua ukunjo kiasi cha kuchungulia. Palikuwa na nuru, nuru ya mchana. Palikuwa na mkono wa koti, umenyooshwa juu. Akaurudisha ukunjo, akaigandamiza pini kwa kidole gumba.

"Fungua basi tuone!" alisema Mama Wilhelmina.

"Nikifungulia hapa, Jumamosi watasema nimebandika mimi. Itafunguliwa mbele yao. Shimba, utakuja na koleo lako."

"Afande, Jumamosi nina harusi ya..."

"Utakuja na koleo lako."

Jumamosi mchana wazee walikaa katika chumba cha nyuma cha kanisa, Mchungaji katikati, waumini waliotaka kusikia wamejaa kwenye mabenchi hadi mlangoni. Mzee Obedi alisimama, koti limekaa sawasawa, kiatu kinang'aa. Mkewe, Justa, makamu wa Mama Wilhelmina, alikaa mbele, leso mkononi, huzuni imempamba uso. Mwenyekiti akiondoka, kiti kilikuwa chake.

"Ndugu zangu," alisema Mzee Obedi, "naumia kuliko ninyi. Lakini picha haisemi uongo."

"Kweli, mzee," alisema Sajenti Akumu. "Shikamoo. Naomba nikuulize machache kabla hatujaisikiliza. Uliiona wapi mara ya kwanza?"

"Ukutani. Kwenye launji. Kwa macho yangu haya."

"Ulifuata nini launji?"

Kicheko kidogo kilipita kwenye mabenchi, Mchungaji akakizima kwa jicho.

"Nilifuata kondoo aliyepotea," alisema Mzee Obedi.

"Siku ya mavuno mwaka huu, mnadani, ulikuwepo?"

"Siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa Magu, msibani. Mke wangu shahidi."

Justa alitikisa kichwa kukubali.

"Na huyu unamfahamu?" Sajenti alimwonyesha fundi, aliyekuwa amesimama pembeni na koleo lake.

"Simfahamu."

"Mzee!" alisema Shimba. "Si wewe uliyeniambia ni dada yako?"

"Mchungaji, mnaniletea mafundi wa Nyakato wanitukane kanisani? Neno lake na neno langu, nani mzee wa kanisa hapa?"

Mchungaji alisita. Wazee wawili walitikisa vichwa, naam, neno la fundi haliwezi kumwangusha katibu. Mama Wilhelmina alikaa wima, mikono magotini, macho kwenye msalaba. Kama mambo yangeishia hapo, kesho yake asubuhi angesimamishwa.

"Fungua," alisema Sajenti.

Kanvasi ililazwa mezani, uso chini. Shimba alianza kung'oa pini za upande wa kushoto, moja moja, zikidondoka kwenye mbao tik, tik. Wazee waliinuka. Kitambaa kilipoachia, aliufunua ukunjo wa kwanza, wakaigeuza picha na kuisimamisha ielekee watu.

Pembeni mwa usiku wa baa palitokea mchana. Pakaonekana ukuta wa kanisa letu, na dirisha lake la kioo kilichopasuka ambalo kila mtu mle ndani aliwahi kuahidi kulitengeneza. Pakaonekana benchi la wazee. Na mbele ya benchi, amesimama kwa ncha za viatu vilivyopigwa kiwi, mshipa umemtoka shingoni, mkono umenyooshwa kuelekea kibuyu, Mzee Obedi, anapanda bei.

Watu wa mabenchi ya mbele wakainama waone vizuri.

"Magu ni karibu kuliko nilivyodhani," alisema Sajenti. "Aliyepiga alikuwa amekaa benchi hili hili, karibu na wewe. Mzee, nani hukaa karibu na wewe?"

Mzee Obedi alifungua kinywa. Mkewe akamtangulia.

"Si ulisema amekukata!"

"Kanvasi haikatwi, mama," alisema Shimba kwa upole.

Mama Wilhelmina alisimama. Alimwendea Mzee Obedi mpaka akaweza kumwona mboni. Sauti yake haikupanda, na ndiyo sababu ilisikika hadi mlangoni.

"Obedi. Kibuyu hicho ulikinunua wewe. Nilikukabidhi mkononi, nikakuambia kimetoka kwa ng'ombe wangu. Maziwa yangu ukayanywa, wewe na mkeo, ukajifuta mdomo, kisha ukaja kuwaambia watu ilikuwa pombe. Ulitaka kiti? Ungekiomba! Kiti ni mbao! Mimi ningekubebea mpaka kwako. Lakini wewe ulitaka nisimame Jumapili mbele ya watoto niliowafundisha kuimba."

Mzee Obedi aliketi. Hakuna aliyemsukuma. Mchungaji aliomba ufunguo wa ofisi ya katibu, akapewa, na wazee wale wawili waliotikisa vichwa sasa walikuwa wakitazama dirisha la kioo kilichopasuka kwa shauku kubwa.

Ningependa kuishia hapo. Ni mahali pazuri pa kuishia. Lakini fundi Shimba ni mtu wa kumaliza kazi, na pini zilikuwa zimebaki.

"Kuna ukunjo mwingine, afande," alisema.

"Fungua."

Akaufungua. Kwenye mwisho kabisa wa kitambaa, nyuma ya kiwiko cha Mzee Obedi, palikuwa na babu mmoja ameshika mguu wa kuku, kichwa amekirusha nyuma, anacheka hadi magego yanaonekana.

Mchungaji alivaa miwani. "Na huyu?"

Chumba kizima kiligeuka. Kiligeuka kikanitazama mimi, kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa umezibwa na watu.

Sajenti Akumu alikuja polepole. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulikuwepo mnadani."

"Nilipita."

"Ulimwona akinadi maziwa. Ulimwona Mzee Obedi akinunua. Wiki zote hizi mama huyu anaitwa mlevi, nawe umekaa Kisesa unajua. Kwa nini hukusema?"

Nina majibu mengi maishani mwangu, na mengi ni mazuri. Siku hiyo lilitoka moja tu, tena lile la kweli, sijui kwa nini.

"Nilitaka kuona hadithi itaishaje."

Hakucheka mtu. Mimi nimezoea nikisema jambo watu wacheke. Mama Wilhelmina alinitazama kwa muda mrefu, na nikuambieni, yale macho aliyomtolea Obedi yalikuwa asali.

"Obedi alitaka kiti," alisema. "Angalau alikuwa na njaa ya kitu. Wewe ulishiba, ukakaa unatazama."

Josephat alikuwa amekuja kudai kanvasi yake irudi. Alikuwa mlangoni, mmoja wa wale walionizibia njia. "Samahani, wazee," alisema, "mimi ukuta wangu bado uko uchi. Simba nimeshamuuza."

Mama Wilhelmina alimtazama Josephat. Akanitazama mimi. Kisha akaitazama ile pembe ya kitambaa, babu na mguu wake wa kuku.

"Shati lake lina rangi gani?" aliuliza.

"Hudhurungi," alisema Josephat, akikodoa. "Aisee. Inaoana na mito ya makochi."

Ridhaa nilitia sahihi pale pale mezani, Sajenti akiwa shahidi. Jumapili nilisimama mbele ya usharika nikasema nilichokiona, chote, na Mama Wilhelmina akaongoza wimbo wa kutoka. Wiki iliyofuata Shimba alinichapa mkubwa kuliko mlango, akanikaza vizuri pande zote. Niko Pasiansi mpaka leo, juu ya kochi kubwa, magego nje. Wateja wakiingia humuuliza Josephat, huyu babu anacheka nini? Naye huwaeleza yote, mwanzo hadi mwisho. Nimewahi kukaa kaunta nikamsikiliza. Haongezi hata chumvi.